Uhakiki wa Data na Mpangilio wa Majina ya Wanande: Mfano wa Mavivi, Kivu Kaskazini

1.0 Utangulizi

Neno uhakiki linafahamika sana kwa wanafunzi wa Kiswahili katika taaluma ya fasihi, ambamo lina maana ya kuichambua na kuipima kazi ya sanaa. Katika taaluma ya kompyuta neno hilohilo hutumika kwa kazi nyingine, nayo ni kupima iwapo habari zinazoingizwa katika mashine zinakubalika kabla ya kuhifadhiwa. Fomu ikionyesha kuwa mtu ana umri wa miaka 340, au kwamba ataanza kuugua wiki ijayo, mashine inapaswa kuikataa.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa kwa msaada wa maktaba za programu, yaani makusanyo ya maelekezo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mtunzi wa programu huyaazima badala ya kuyaandika upya. Aidha, yanaonyesha kwamba kila kanuni ya uhakiki hubeba ndani yake dhana fulani kuhusu jamii. Dhana hiyo isipotokana na jamii inayohusika, mtu halisi anaweza kufutwa katika orodha pasipo yeyote kutambua. Mfano uliochaguliwa ni Mavivi.

2.0 Mavivi na Orodha za Watu

Mavivi iko nje kidogo ya mji wa Beni, upande wa barabara iendayo Oicha, na hapo ndipo ulipo uwanja wa ndege unaoutumikia mji huo. Kiutawala, hata hivyo, Mavivi si sehemu ya mji wa Beni, bali ni sehemu ya Teritwari ya Beni, ambayo makao yake makuu ni Oicha. Kwa hiyo fomu inayosema "Beni" tu haijasema jambo la kutosha: kuna mji wa Beni, kuna Teritwari ya Beni, na kuna pia eneo la afya lenye jina hilo.

Umuhimu wa tofauti kama hizo ulidhihirika wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini ulienea Mangina, Beni, Butembo na kwingineko, hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa jumla waliougua walihesabiwa kuwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Nguzo mojawapo ya mapambano ilikuwa orodha: kila aliyekutana na mgonjwa aliandikwa jina, akafuatiliwa kwa siku 21, muda ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini kabla ya dalili kuonekana. Watu wapatao 250,000 waliandikwa kwa namna hiyo, na zaidi ya 300,000 walichanjwa. Katika kazi ya aina hii, jina moja likipotea katika orodha, mlango mmoja haubishwi hodi. Na nyuma ya mlango huo huenda ndipo ugonjwa ulipo.

3.0 Jinsi Maktaba Inavyofanya Kazi

Mtunzi wa programu huanza kwa kueleza umbo la data inayotarajiwa. Kwa mfano: umri ni nambari kamili kati ya 0 na 120, jinsia ni mojawapo ya mbili, tarehe ya mwisho ya kufuatiliwa ni siku 21 baada ya tarehe ya mkutano wa mwisho na mgonjwa. Kutokana na maelezo hayo, maktaba hufanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kulinda mlango. Kila fomu hulinganishwa na maelezo. Isiyolingana hurudishwa pamoja na sababu yake.

Kazi ya pili ni kuzalisha mifano. Maelezo yaleyale yanayotambua fomu sahihi yanaweza pia kutengeneza fomu za kubuni zilizo sahihi, kwa kubahatisha. Programu hulishwa mifano hiyo na kupimwa iwapo inatimiza sifa iliyokusudiwa. Wazo hili lilipata umaarufu kutokana na QuickCheck, maktaba ya lugha ya Haskell iliyotungwa na Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, na kuelezwa katika makala yao ya mwaka 2000. Kwa kawaida QuickCheck hujaribu mifano 100 kwa kila sifa. Baadaye wazo hilo lilihamia katika lugha nyingine: Python ina maktaba iitwayo Hypothesis, na Clojure ilipata mwaka 2016 maktaba ya spec, ambayo maelezo yake hutumika kwa kazi zote mbili zilizotajwa.

Mfano mmoja ukiiangusha programu, maktaba haiishii hapo. Huusinyaza mfano huo: huondoa sehemu moja baada ya nyingine na kupunguza nambari kuelekea sifuri, ilimradi kosa liendelee kuonekana. Hatimaye mtunzi hupewa mfano pinzani ulio mdogo kuliko yote iliyopatikana, ambao kosa lake laonekana kwa macho.

Faida nyingine ni ya kiutu. Programu za hospitali zinaweza kujaribiwa kwa watu wa kubuni, bila majina ya wagonjwa halisi kutolewa nje ya ofisi. Katika mahali ambapo aliyepona Ebola aliweza kuogopwa na majirani zake, jambo hilo si dogo.

4.0 Mpangilio wa Majina

Wengi wa wakazi wa Beni na Butembo ni Wanande. Kwa desturi yao, mtoto hupewa jina linaloonyesha nafasi yake katika uzazi. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, na wa sita Mbusa. Watoto wa kike nao wana mfululizo wao, unaoanza na Masika, na ambamo yamo majina kama Kavira, Kavugho, Kahambu na Katungu. Mtu huwa pia na majina mengine, likiwemo la ubatizo, lakini mara nyingi jina la uzazi ndilo analojulikana nalo.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, watu wengi wasiohusiana kabisa wana jina moja. Pili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawalazimiki kuwa na jina la ukoo la pamoja: Paluku, Kambale na Kasereka wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja, ilhali Kambale wawili wa mtaa mmoja si ndugu. Tatu, ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonzo wa Uganda, majina hayo yana sura nyingine: Paluku ni Baluku, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kavugho ni Kabugho. Mtu mmoja akiandikwa pande zote mbili anaweza kuonekana kuwa wawili. Jambo hili nalo lina uzito, kwani mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka na kuingia wilaya ya Kasese.

5.0 Kizalishi Kijuacho na Kizalishi Kisichojua

Ichukuliwe programu yenye kanuni ifuatayo: fomu mbili zenye jina moja, jinsia moja, umri mmoja na kijiji kimoja ni za mtu mmoja, basi moja ifutwe. Kwa mtunzi aliyekulia katika jamii yenye majina mengi ya ukoo, kanuni hiyo yaonekana kuwa ya busara. Sifa inayopaswa kupimwa ni hii: iwapo watu wote katika orodha ni tofauti, idadi yao isipungue baada ya usafishaji. Kila mtu wa kubuni hupewa nambari ya siri, ili jaribio lijue kuwa kweli ni tofauti.

Kizalishi cha kawaida kitaunda majina kwa kubahatisha herufi. Kwa herufi 26, majina yenye herufi nane yanayoweza kuundwa ni zaidi ya bilioni 200. Katika orodha 100 za namna hiyo, ni vigumu mno majina mawili kugongana. Programu itafaulu majaribio yote, na mtunzi atalala usingizi.

Sasa kizalishi kielezwe desturi ya Wanande. Kati ya wanaume 7 wanaojulikana kwa majina sita ya Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo na Mbusa, ni lazima angalau wawili washiriki jina moja. Majaribio yataanguka upesi, na usinyazaji utaleta mfano pinzani kama huu: watoto wawili wa kiume, wote Paluku, wote wenye umri wa miaka 0, wote wa Mavivi. Hakuna ajabu yoyote katika mfano huo. Ni wazaliwa wa kwanza wa nyumba mbili, na mashine ilikuwa tayari kumfuta mmoja wao.

Dawa si kuiondoa kanuni, bali kuibadili. Jina la mama, mtaa na nambari ya utambulisho viongezwe katika fomu. Majina yote ya mtu yahifadhiwe kama alivyoyataja. Na pale fomu mbili zinapofanana, mashine imwonye mwandikaji ili aulize, isifute yenyewe. Ndivyo zilivyo kanuni za uhakiki katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa pia nchini Kongo: huionyesha hitilafu ili binadamu aikague.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kuwa maktaba ya uhakiki haina ujuzi wake yenyewe kuhusu watu. Huyapima yale iliyoelezwa, na huzalisha mifano ya yale iliyoelezwa, isichoelezwa haikijaribu. Majaribio 100 yaliyofaulu hayathibitishi kuwa programu inawafaa watu wa Mavivi, iwapo hakuna hata mmoja kati ya watu wa kubuni aliyefanana nao. Ujuzi wa majina, tahajia zake na mipaka ya mahali ni ujuzi wa wanaisimu na wa wenyeji, na nafasi yake ni mwanzoni mwa kazi, wakati umbo la data linapoelezwa. Wanafunzi wa lugha katika vyuo vya eneo hili wana mchango wa kutoa hapo, kwani orodha ya majina sita iliyoandikwa kwa usahihi yaweza kufichua kosa ambalo majina bilioni 200 yasingelifichua.