Wito Upo, Karo Atalipa Nani?

Binti akisema nyumbani kwamba anataka kuwa daktari, baba huuliza karo ni kiasi gani, na ukoo mzima huitwa kikao. Binti huyo huyo akisema anataka kufundisha watoto viziwi au wasioona, watu humtazama kwa upole na kumwambia, "Mwanangu, una moyo mzuri. Huo ni wito." Kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Hakuna anayeuliza chuo kiko wapi, masomo ni ya miaka mingapi, wala nani atalipa. Neno wito limekuwa njia rahisi ya kumsifu mtu bila kumsaidia.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya binti huyo na mama yake. Tumeyaandika pia kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi aliyeletewa mtoto kiziwi, akamweka dawati la mbele kwa nia njema, na tangu siku hiyo hajui amfanye nini. Mtoto anatazama midomo ikicheza mwaka mzima, anapandishwa darasa, na hajajifunza kuandika hata jina la mama yake. Huyo ndiye anayelipa gharama ya sisi kukosa walimu.

Kazi hii si ngeni katika makanisa yetu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Mwaka 1963 Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora, na Walutheri wakafungua shule ya wasioona Irente, kule Lushoto. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilianzisha chuo cha elimu ya juu Magamba, Lushoto hiyo hiyo, kikapewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na shahada ya elimu maalum ikawa miongoni mwa masomo yake ya kwanza. Wazee wetu hawakuishia kuombea watoto hawa. Walijenga mabweni, wakatafuta walimu, wakalipa mishahara.

Si ualimu wa aina moja

Kabla ya kuzungumzia fedha, hapana budi binti ajue anachokitaka, maana chuoni ataulizwa. Watu husema "elimu maalum" kana kwamba ni somo moja. La hasha. Anayejifunza kufundisha wasioona hajifunzi kazi ile ile na anayejifunza kufundisha viziwi, na wote wawili wangepata shida wakiwekwa mbele ya darasa la watoto wenye ulemavu wa akili.

Mwalimu wa wasioona hana budi kujua maandishi ya nukta nundu, yale yaliyobuniwa na kijana Mfaransa asiyeona, Louis Braille, katika miaka ya 1820. Kila herufi ni mpangilio wa nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Kwa mashine kazi ni nyepesi, lakini mashine ni ghali, na shule nyingi hutumia kibao chenye vishimo na kalamu ya ncha ya chuma. Hapo ndipo wanafunzi wa ualimu hutoka jasho: kwa kuwa nukta hutobolewa kutoka nyuma ya karatasi, mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ndipo karatasi ipinduliwe isomwe kama kawaida. Mwalimu huyo hufundisha pia kutembea kwa fimbo nyeupe, kupanga nguo, kumimina chai bila kujiunguza.

Kwa viziwi, kazi ni lugha yenyewe. Mtoto kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia mara nyingi hufika shuleni na umri wa miaka saba akiwa hana lugha kamili hata moja. Ana ishara za nyumbani tu: chakula, njoo, lala, usifanye. Mwalimu wake anamfungulia lugha na somo kwa wakati mmoja. Na Lugha ya Alama si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, na nyusi na uso mzima ni sehemu ya sentensi. Haijifunzwi kwa semina ya siku tatu. Anayetaka kuijua vizuri na akae na viziwi wenyewe, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo kwa ajili hiyo na mengine.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili au usonji, mwalimu hujifunza kuigawa kazi vipande vidogo. Kufunga kifungo cha shati, ambako wewe na mimi hatukufikirii, kunaweza kuwa na hatua sita au saba. Njia moja inayotumika ni kuanza na hatua ya mwisho: mwalimu anafanya zote, anamwachia mtoto kuvuta kifungo kikiwa kimeshaingia nusu, ili kila jaribio liishie kwa kufaulu. Kisha anamwachia hatua mbili, kisha tatu. Inaweza kuchukua muhula mzima. Mama wa mtoto huyo akimwona anavaa shati mwenyewe Jumapili asubuhi, hatauliza muhula ulikwendea wapi.

Ushauri wetu kwa binti: kabla ya kujaza fomu yoyote, omba ruhusa ukae wiki moja katika shule au kitengo cha watoto hawa, usaidie bwenini au jikoni. Wapo watakaorudi wakisema si kazi yao, na hiyo nayo ni faida. Ni heri kujua hilo kabla ya karo kuliko baada yake.

Njia za kufika

Tanzania, jina la kwanza kulijua ni Chuo cha Ualimu Patandi, kilichoko Tengeru nje kidogo ya mji wa Arusha. Ni chuo cha serikali kinachoandaa walimu wa elimu maalum, na hapo mwanafunzi huchagua fani kama tulivyoeleza juu. Maombi hupitia katika mfumo wa wizara ya elimu wa vyuo vya ualimu, na sifa za kuingia hutangazwa kila mwaka. Kwa muda mrefu aliyetoka kidato cha nne amehitaji daraja la kwanza hadi la tatu. Aliyepata daraja la nne asidanganywe na mtu yeyote mwenye "njia ya mkato".

Aliyemaliza kidato cha sita vizuri anaweza kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Shahada ya ualimu wa elimu maalum imefundishwa katika vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu Huria, na chuo cha Kikatoliki cha Tabora chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tazama katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, cha mwaka huo huo, kama chuo na kozi vimo. Kozi huongezwa na kuondolewa, na cheti cha kozi isiyotambuliwa hakimpatii mtu kazi.

Njia ya tatu haizungumzwi sana, nayo kwa maoni yetu ndiyo inayowafaa wanawake wengi kuliko zote. Ni ya yule ambaye tayari ni mwalimu. Mwalimu aliyeajiriwa serikalini anaweza kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake, yaani mkurugenzi wa halmashauri, akasoma huku mshahara wake ukiendelea. Siri iko katika utaratibu. Jina lake linatakiwa liwe katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, na mpango huo hutengenezwa mapema, si wiki ya kufungua chuo. Barua ipite kwa mwalimu mkuu, inakiliwe, na nakala yenye mhuri wa mapokezi itunzwe. Anayeondoka bila ruhusa ya maandishi hujikuta ameandikiwa utoro kazini, na akirudi na cheti chake hupata shida kubadilishiwa muundo.

Asiyeweza kuacha nyumba, labda ana watoto wadogo au mzazi mgonjwa, ana Chuo Kikuu Huria, ambacho mtu husoma akiwa kwake na kulipa kwa awamu. Ni njia ndefu, na humshinda asiyejiwekea saa. Saa mbili za alfajiri kabla nyumba haijaamka zimewavusha wengi.

Wasomaji wetu wa Kenya wana taasisi iliyotangulia katika ukanda huu, nayo ni KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1986 kwa msaada wa Denmark, na uzuri wake ni kwamba imewafundisha walimu wengi walio kazini kwa kuwakusanya wakati wa likizo za shule. Tume ya Huduma kwa Walimu nchini humo hulipa posho kwa walimu wa shule maalum. Ni jambo la kuigwa na majirani.

Sasa fedha

Kwa anayekwenda kusoma shahada Tanzania, mlango mkubwa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mkopo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, kwa kadiri ya uhitaji wa mwombaji. Yatima, aliyesomeshwa na wafadhili, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mwenye ulemavu, na aliyetoka kaya inayohudumiwa na TASAF, wote wanatakiwa kuthibitisha hali hiyo kwa karatasi. Machozi hayapokelewi katika mfumo wa kompyuta.

Kuna masharti mawili ambayo akina mama wengi hawayajui. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwombaji asizidi umri wa miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo ile desturi ya kumwambia binti "kaa kwanza nyumbani, tumsomeshe kaka yako, zamu yako itafika" ina hatari. Zamu ikifika huenda mkopo umeshampita. Aliye katika ajira rasmi naye hahesabiwi kuwa mhitaji, ndiyo maana tumesema mwalimu aliye kazini afuate ruhusa ya masomo.

Na mkopo ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe; kiwango kilipandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 atakatwa shilingi 105,000. Nafuu iliyopatikana ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Hatusemi haya ili kutisha. Binti anayeanza kazi akijua atakatwa hupanga maisha yake. Asiyejua hulia mbele ya karani wa mishahara.

Kwa stashahada hali ni tofauti. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ilianza kukopesha pia wanafunzi wa ngazi hiyo, lakini kwa fani chache zilizoteuliwa tu. Soma orodha ya mwaka unaoomba kabla ya kujipa matumaini. Kwa wengi karo ya stashahada itatoka mfukoni, na ada yenyewe si kitu pekee. Omba maelekezo ya kujiunga uyasome mstari kwa mstari: sare, godoro, michango, nauli za mafunzo kwa vitendo.

Vikundi vyetu vya VICOBA vinasaidia, ila tahadhari: mkopo wa kikundi wa kurejeshwa kwa miezi mitatu haufai kulipia masomo ya miaka miwili. Kinachofaa ni mgao wa mwisho wa mzunguko, uwekewe karo kabla haujageuka vitenge. Na umoja wa wanawake wa usharika, ambao kila mwaka huchangia sabuni na sukari kwa kituo cha watoto wenye ulemavu, ungeweza katika miaka mitatu kumsomesha mwalimu mmoja, kwa mkataba wa maandishi kwamba atafundisha katika kituo hicho kwa miaka kadhaa. Sabuni huisha mwezi huo huo. Wanaotaka shahada ya uzamili nje wafuatilie nafasi za Jumuiya ya Madola kwenda Uingereza, ambazo hutangazwa kila mwaka.

Je, kazi ipo? Zile siku za kumaliza chuo na kupangiwa kituo moja kwa moja zimepita. Nafasi hutangazwa, watu huomba, wengine hungoja. Lakini matangazo ya ajira za walimu yamekuwa yakiwataja walimu wa elimu maalum peke yao, na shule za makanisa na za binafsi nazo huwahitaji. Mwenye fani hii hashindani na umati ule ule.

Jambo la kufanya wiki hii, hata kama matokeo hayajatoka, ni kukusanya vyeti. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na cha kifo cha mzazi vivyo hivyo. Linganisha majina. Wako mabinti walioandikwa jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa na la baba kwenye cheti cha kidato cha nne, na kusawazisha majina kunahitaji kiapo, mwanasheria na muda, wakati dirisha la maombi ya mkopo hufungwa kwa tarehe bila kumngoja mtu.