Jumamosi Moja Gashoho: Askari Amngoja Mgeni Wake

Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka 2024, kabla jua halijaukausha umande juu ya migomba ya Gashoho, brigadia mmoja wa Polisi ya Taifa ya Burundi alimaliza lindo la usiku. Alikabidhi bunduki yake kwa mtunza silaha, akatia sahihi katika daftari, kisha akasimama mlangoni kama mtu asiyejua aelekee wapi. Alikuwa amepewa siku mbili za mapumziko mfululizo. Siku ya pili ilikuwa na mwenyewe: Jumapili mkewe na binti yao wa miaka minne wangefika kutoka Gitega. Siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa tupu, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, kwani siku tupu humpima askari kuliko siku ya kazi.

Gashoho wakati huo ilikuwa tarafa ya mkoa wa Muyinga, kaskazini-mashariki ya nchi. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipopunguzwa ikawa mitano, Muyinga iliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa mpya wa Buhumuza. Lakini vilima havikuhama. Mashamba ya kahawa na maharage yangali yakishuka hadi mabondeni, na malori yatokayo mpaka wa Kobero yangali yakipita kuelekea Ngozi, madereva wake wakizungumza Kiswahili cha Tanzania na wauza ndizi wa kando ya barabara.

Ndugu msomaji, yafaa kwanza ueleweshwe kwa nini siku hiyo ilikuwa nzito. Mkewe alikwisha kuja mara moja, miezi saba nyuma. Mkesha wa safari ile, brigadia na wenzake walikwenda katika kabare, kama baa ziitwavyo nchini humo, ili kuipongeza bahati yake. Walianza na chupa mbili, wakamalizia usiku wa manane. Mama wa watu aliposhuka garini asubuhi hakumkuta mtu wa kumpokea. Alimkuta mumewe amelala na sare yake ya juzi, chumba hakijafagiwa, na mfukoni hamna hata fedha ya mkaa. Mtoto alipomwona baba yake akiamka na macho mekundu, alilia na kujificha nyuma ya mama. Siku ya pili wageni walirudi Gitega. Mkewe hakugomba. Alisema maneno machache tu: "Baba watoto, mimi sikuja kumtembelea polisi. Nilikuja kwako."

"Maneno hayo," brigadia alituambia, "yalinikaa kifuani miezi saba."

Basi asubuhi ile alivua sare, akaikunja vizuri, akavaa shati la kiraia. Saa za kazi za pamoja, ambazo raia wa Burundi huzifanya Jumamosi asubuhi, zilimkuta njiani. Ingawa alikuwa mapumzikoni, alishika jembe pamoja na wananchi waliokuwa wakizibua mtaro wa barabara. Mzee mmoja alimtazama kwa mshangao, akasema, "Mwanangu, leo ndipo ninapouona uso wako. Siku zote mimi huiona kofia tu." Wote walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Kazi ilipokwisha alishuka polepole hadi bondeni. Hakuwa na haraka, wala hakuna aliyemtuma. Alikaa juu ya jiwe akawatazama watoto wakicheza mpira uliosukwa kwa majani makavu ya migomba, na wapanda baiskeli wakivuta pumzi kabla ya kuukabili mlima na mizigo yao ya ndizi. Alituambia kwamba miezi yote aliyokaa Gashoho alikuwa amelipita bonde lile katika doria mara nyingi, lakini hakupata kuliona. Macho ya doria hutafuta hatari. Macho ya mapumziko huona watu. Askari anahitaji yote mawili, maana asiyewaona watu atasahau anamlinda nani.

Adhuhuri alipanda sokoni. Alikuwa ameigawa fedha yake tangu nyumbani katika mafungu matatu: fungu la chakula, fungu la nauli ya kuwarudishia wageni, na fungu dogo la starehe yake. Alinunua mchele, maharage, vitunguu, ndagala wakavu wa Ziwa Tanganyika, mkaa, na kipande cha sabuni. Kwa fungu la starehe alikula mishikaki miwili ya mbuzi na ndizi za kuchoma, akashushia soda, kisha akaenda kwa kinyozi. Watu wengi hudhani kwamba starehe ni kutumia bila hesabu. Kwa hakika mtu aliyekwisha kuhesabu ndiye anayekula mishikaki yake kwa amani.

Alasiri alitoa godoro juani, akafagia, akapiga pasi ya makaa. Chumba alikaa na mwenzake aliyemzidi umri, mtu aliyeingia polisi akitokea msituni. Itakumbukwa kwamba sheria za tarehe 31 Desemba 2004, zilizofuata Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, ndizo zilizoliunda upya jeshi la ulinzi na polisi ya taifa, zikawakusanya chini ya bendera moja watu waliokuwa wakipigana. Mwenzake huyo alikwisha kukusanya vitu vyake katika mfuko. "Nitalala kwa jirani siku mbili," alisema. "Na kiti changu nakuachia, mkeo asikae kitandani kama mgonjwa." Huo nao ni uaskari, ingawa haumo katika gwaride.

Saa kumi simu ililia. Katika miaka hiyo uhaba wa mafuta ulikuwa umezisumbua safari nyingi nchini, na gari ambalo mkewe alilitegemea, la kupitia Karuzi, lilikuwa bado katika foleni ya petroli. Pengine lingeondoka alfajiri; pengine lisiondoke kabisa. Habari hiyo iliwafikia wenzake upesi. Wawili walikuja mlangoni wakamwita: "Ndugu yetu, mgeni ndiyo hayupo. Unaifagilia nani nyumba? Twende."

Hapa ndipo palipokuwa na mtihani wa siku nzima. Si vigumu kwa mtu kujizuia anapokuwa na hakika ya malipo yake. Ugumu huja malipo yanapotiwa shaka. Brigadia alitazama fungu la nauli lililofungwa katika leso, akatazama na kiti alichoachiwa. "Asipofika kesho," aliwajibu, "atanikuta siku atakayofika." Alirudi ndani akaendelea kupiga viatu rangi. Wenzake walisimama kidogo. Kisha mmoja akaingia, akachukua kiatu cha pili na burashi.

Ndugu askari, tumeisimulia habari hii ndogo kwa kuwa wengi wetu twaishi mbali na jamaa zetu. Walinzi wa amani wa Burundi waliokuwa Somalia, tangu Desemba 2007 hadi ujumbe wa ATMIS ulipokoma Desemba 2024, wanajua jinsi sauti ya mtoto katika simu inavyoweza kumtia mtu nguvu au kumvunja. Tumezoea kusema kwamba kazi ndiyo inayotutenga na nyumba. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kilomita haziko mikononi mwetu, wala foleni ya petroli. Usiku wa kuamkia siku ya mgeni uko mikononi mwetu.

Mwandishi aliondoka Gashoho kesho yake asubuhi, gari lingali halijafika. Mwenye duka la kando ya barabara ndiye aliyemjulisha yaliyobaki. Gari lilifika saa tisa alasiri, limejaa vumbi. Brigadia alikuwa amesimama pale tangu saa mbili. Mtoto hakumkimbilia; alimtazama kwa muda mrefu mtu yule mwenye shati safi, kisha akamwuliza mama yake kitu kwa sauti ndogo. Mama alitikisa kichwa kukubali. Walipopanda kilima kuelekea nyumbani, kikapu cha unga kilikuwa kichwani mwa brigadia, na mtoto ameushika mkono wake kwa kidole kimoja.