Injini inalia, gari halivuti: kabla hujakubali kubadilishiwa giaboksi

Kila Agosti, uvuvi wa omena unapofunguliwa tena Ziwa Viktoria baada ya miezi minne ya marufuku, pikapu kutoka kwetu Mombasa huanza safari za Homa Bay na Migori kufuata mzigo. Zamani karibu zote zilikuwa za gia za mkono. Siku hizi nyingi ni oto, na kila msimu hunifikia malalamiko yale yale: gari likipanda mlima injini inalia, mshale unaruka, lakini mwendo unapungua badala ya kuongezeka. Fundi wa kwanza kuulizwa husema giaboksi imekufa.

Mara nyingi huwa haijafa bado. Lakini dereva akiendelea kuliendesha gari katika hali hiyo, ataiua yeye mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu mauaji ya namna hiyo nimewahi kuyashiriki.

Tulikuwa tumepakia Homa Bay, mimi na mpwa wangu, magunia ya omena mpaka springi zikalala. Barabara ya kwenda Rongo ni ya lami na si ndefu, kama kilomita thelathini, ila inapanda. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kisii, tulikokuwa tukielekea, ni karibu mita 1,700. Sisi tuliozoea barabara ya Malindi twaweza tusiuone mwinuko huo kwa macho, lakini giaboksi iliyobeba mzigo huuhisi kila hatua. Tulipoipita Rodi Kopany mshale wa injini ukaruka kutoka elfu mbili hadi karibu elfu nne, na gari likawa kama limefungwa kamba nyuma.

"Mjomba, gari halivuti."

"Weka kando tulitazame."

"Rongo si mbali, mjomba. Tutafika inshallah."

Nikanyamaza. Tukafika kweli, huku ndani ya gari kukinuka kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Fundi tuliyemkuta alilisogeza gari mbele hatua chache, akashuka, akasema giaboksi imekwenda, iagizwe nyingine ya mtumba Nairobi, laki na nusu, kazi mbali. Boneti hakuifungua.

Hapo ndipo ilinibidi niikumbuke stashahada yangu ya ufundi wa magari, ingawa miaka mingi sasa mikono hii imezoea kalamu kuliko spana.

Gari la gia za mkono lina klachi moja, kavu, na ikiisha unaibadilisha. Giaboksi ya oto ina klachi kadhaa ndogo, bamba juu ya bamba, zimezama ndani ya mafuta. Hakuna mguu unaozibana. Zinabanwa na mafuta yenyewe, kwa presha inayotoka kwenye pampu. Mafuta hayo hayo hupitisha nguvu ya injini kwenye konveta, hulainisha, na hupoza. Presha ikipungua, bamba hazishikani sawasawa, zinasuguana. Msuguano ni moto, moto unaunguza utando wa bamba, utando ulioungua unaingia kwenye mafuta na kuziba chujio, na presha inapungua zaidi. Kwa hiyo kilomita ishirini za kuteleza ni kilomita ishirini za kusaga klachi. Gari likianza tu, weka kando, liache lipoe, punguza mzigo.

Kisha anza na kilicho rahisi: mafuta yenyewe. Ya injini hupimwa gari likiwa limezimwa. Ya giaboksi ya oto, kwa pikapu nyingi zenye kijiti cha kupimia, hupimwa injini ikiunguruma, gari liko pahali tambarare, giaboksi imeshapata moto, na mkono wa gia umepitishwa kila nafasi kisha ukarudishwa P. Ukipima injini imezimwa, mafuta yaliyo kwenye konveta hushuka na kijiti kikakudanganya kuwa yapo tele. Pikapu mpya nyingi hazina kijiti kabisa; kipimo chake ni boliti ya chini inayofunguliwa mafuta yakiwa katika joto maalumu, na hiyo si kazi ya kufanywa kando ya barabara.

Letu lilikuwa na kijiti, na mafuta hayakufika hata alama ya chini. Tulipoinama tukaona sababu: mpira unaopeleka mafuta kwenye redieta kupozwa ulikuwa umelegea kwenye kibanio chake, na chini kote kumelowa. Tatizo la kibanio cha bei ya soda, na sisi tulishaanza kuhesabu laki na nusu!

Rangi nayo ina habari yake. Mafuta mazima huwa mekundu, yanayoangaza. Yakiwa kama turungi yamechoka, na yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimeanza kula hasara. Ukiyaona yamegeuka kama Vimto iliyochanganywa na maziwa, usiliwashe gari tena: redieta imepasuka ndani na maji yanaingia kwenye giaboksi. Maji hubambua utando wa klachi kwenye bamba zake. Marekani waliujua sana ugonjwa huu kwenye Nissan Frontier na Pathfinder za 2005 hadi 2010, hata kesi zikafika mahakamani.

Wekundu, hata hivyo, si jina. Mafuta ya ATF yako ya aina nyingi na karibu yote ni mekundu. Toyota za nyuma zilitumia T-IV, za baadaye WS. Nissan wana yao, Mitsubishi wana yao, na nyingine zinakwenda na Dexron. Kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti ndicho cha kufuata. Muuzaji akikwambia "hii inaingia gari zote", mshukuru na uende duka la pili.

Mafuta yakiwa yametimia, ni safi, na gari bado linateleza, hapo omba lipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta. Migori mjini na Homa Bay huwezi kukosa mwenye mashine hiyo. Namba P0700 ni kengele tu, inasema giaboksi ina neno. P0730 inasema gia haishiki kwa uwiano wake, yaani kuteleza kwenyewe. P0741 inaelekeza kwenye konveta, na P0750 kwenye solenoidi ya kubadilisha gia, kijivalvu cha umeme kinachofungua na kufunga njia ya mafuta. Solenoidi kwa magari mengi hufikiwa kwa kufungua sampu, bila kuishusha giaboksi. Sampu ikifunguliwa, simama utazame mwenyewe. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma au magamba meusi ya klachi maana yake giaboksi itashuka, hakuna hadithi.

Wengine huogopa kubadilisha mafuta wakiamini mafuta mapya ndiyo yanayoua. Ukweli ni kwamba watu hubadilisha wakati gari limeshaanza kuteleza, likifa wiki ya pili lawama inakwenda kwa mafuta. Na ukumbuke kumwaga sampu peke yake hakutoi mafuta yote. Mengi hubaki ndani ya konveta.

Tusichanganye mambo, lakini. Ukizama kwenye udongo mweusi wa Lambwe au njia za Nyatike mvua ikinyesha, magurudumu kuzunguka si giaboksi kuteleza. Kinachoiharibu giaboksi hapo ni ile tabia ya kupiga D, R, D, R na mafuta yamekanyagwa. Weka gia nzito ya foo-wili, kanyaga pole pole, na ikishindikana toa mzigo. Na trekta la miwa likija kukuokoa, likutoe kwenye tope tu. Usikubali likuburute hadi Awendo. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, giaboksi inazunguka kavu. Pikapu ya oto hubebwa juu ya lori.

Kuhusu pesa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima juu ya ukarabati wa magari, na msingi wake ni makadirio kabla ya kazi. Mwombe fundi akuandikie, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: atafungua nini, ataweka nini, kwa kiasi gani. Giaboksi ya mtumba nayo usiilipie kabla hujaona rangi ya mafuta yaliyomo, wala kabla hamjaelewana kama itarudishwa ikikataa.

Sisi siku ile tulibadilisha mpira na kibanio, tukaweka chujio na mafuta mapya, tukaacha nusu ya magunia kwa mwenyeji Rongo. Gari likashika. Tulipanda Kisii, Sotik, Bomet mpaka Narok bila neno, tukaingia Mombasa alhamdulillahi siku ya pili usiku. Baada ya wiki tano hivi, kwenye mwinuko wa Mazeras, gia ya tatu ikateleza tena. Giaboksi ikashushwa. Bamba za klachi ya gia hiyo zilitoka nyeusi tii, zimeungua zikawa laini kama kioo, na nyingine zote zilikuwa nzima. Tulinunua bamba na sili, si giaboksi nzima. Mpwa wangu aliishika ile bamba moja kwa muda, akaniuliza ni ya kilomita zipi. Nikamwambia za kutoka Rodi Kopany hadi Rongo.