Video ya HD imegoma kwa mwenzako? Kompyuta haina kosa, shida ni lugha

Kuna swali ambalo sisi tunaohariri video tunaulizwa karibu kila wiki, na naona vijana wengi wanalijibu kwa kubahatisha. Swali lenyewe: "Bro, nimekuletea faili za HD kwenye eksteno. Kwangu zinacheza fresh, kwako zinatoa sauti tu, picha hakuna. Kulikoni?" Mwingine anapata skrini nyeusi. Mwingine anafungua kazi nzima anakuta kila klipu imeandikwa kwa wekundu kwamba faili haipatikani. Na huku mwenye harusi anapiga simu anataka kazi yake Ijumaa.

Mimi nahariri kwa Windows na washkaji wengi ninaoshirikiana nao wana Mac, kwa hiyo haya ndo maisha yangu ya kila siku. Jibu langu kwa kifupi ni hili: usimpe mwenzako projekti peke yake ukadhani umempa kazi. Mpe picha iliyoandikwa kwa lugha ambayo mifumo yote miwili inaielewa, mpe na orodha ya mikato yako. Sasa twende taratibu.

BAHASHA SIO BARUA

Hizi .mov, .mp4, .avi, .mts na .mxf unazoziona mwisho wa jina la faili ni bahasha tu. Ndani ya bahasha kuna barua, na barua imeandikwa kwa lugha fulani. Hiyo lugha ndo inaitwa kodeki. Unaweza kuwa na faili mbili zote .mov, moja ndani ina H.264 na nyingine ina ProRes, na kompyuta yako ikasoma ya kwanza na kuikataa ya pili.

Ndo maana kubadilisha jina kutoka .mts kuwa .mp4 hakusaidii kitu. Umefuta maandishi ya juu ya bahasha, barua ni ile ile.

Mfano wa karibu ni iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo zinaweza kurekodi kwa HEVC, yaani H.265. Kompyuta nyingi za Windows 10 hazikuja na kodeki hiyo, lazima uiongeze. Hapo ndo unasikia sauti bila kuona picha.

Na msidanganyike na VLC jamani. VLC inabeba kodeki zake yenyewe tumboni, kwa hiyo faili kucheza kwenye VLC sio ushahidi kwamba programu ya kuhariri itaifungua. Lakini VLC inafaa kwa upelelezi: cheza faili, bonyeza Ctrl na J, itakuambia kodeki iliyomo. Programu ya bure ya MediaInfo inatoa maelezo zaidi.

KWA NINI KILA KAMPUNI NA LUGHA YAKE?

Kamera za bei nafuu zilipoanza kupiga HD, tatizo kubwa lilikuwa nafasi. Saa moja ya HD ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, bila kubanwa kabisa, inakula kama gigabaiti 370. Hakuna kadi ya kawaida ingebeba mzigo huo. Ndo ikaja HDV mwaka 2003, halafu AVCHD ya Sony na Panasonic mwaka 2006. Zote zinabana kwa ujanja mmoja: kamera inaandika fremu moja kamili, halafu zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Kwenye HDV ya 1080 inayotumika kwetu, kundi moja lina fremu 12.

Kwa kutazama, safi kabisa. Kwa kuhariri ni kazi nyingine. Ukitaka kukata kwenye fremu ya 7, kompyuta lazima irudi kwenye fremu kamili ya kwanza na kupiga hesabu mpaka ifike hapo. Fanya hivyo mara 500 kwenye harusi moja uone feni inavyolia.

Wenye programu za kuhariri wakatengeneza lugha zao, ambazo kila fremu inajitegemea. Avid walitoa DNxHD mwaka 2004. Apple wakatoa ProRes mwaka 2007, pamoja na Final Cut Studio 2. Zote nzuri, lakini kila mmoja alijengea upande wake. Kwa miaka mingi, kuandika ProRes kihalali ulihitaji Mac. Mwaka 2016 Apple wakaacha kuihudumia QuickTime ya Windows, na ni mwishoni mwa 2018 tu Adobe walipoweza kuandika ProRes rasmi kwenye Windows.

Na sio kampuni na kampuni tu. Mwaka 2011 Apple walitoa Final Cut Pro X, na ikawa haifungui projekti za Final Cut Pro 7 ya kwao wenyewe! Watu walikuwa na kazi za miaka wakajikuta wamefungiwa nje ya nyumba yao.

PROJEKTI HAINA VIDEO NDANI

Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Faili ya projekti ya Premiere au ya Final Cut Pro 7 haibebi picha. Inabeba anwani: chukua klipu fulani, ipo diski E, folda ya Harusi, anza sekunde ya 14, ishia ya 19. Ukimpa mwenzako wa Mac, yeye hana hata diski inayoitwa E. Na ukiwa na Premiere mpya halafu yeye ana ya zamani, haifunguki kabisa, hata kama wote mko Windows.

Badala ya projekti, toa orodha ya mikato. Ziko aina tatu za kukumbuka:

EDL: ni maandishi matupu, unaweza kuyasoma hata kwa Notepad. Ni mkongwe wa miaka ya 1970, anabeba njia moja tu ya picha, lakini karibu kila programu inamwelewa.

XML: inabeba njia nyingi za picha na sauti. Angalizo: XML ya Final Cut Pro 7 na ile ya Final Cut Pro X ni vitu viwili tofauti. Premiere inasoma ya kwanza tu. Mkalimani wa bure yupo, DaVinci Resolve. Inapokea ile mpya na inaweza kukutolea ile ya zamani.

AAF: hii ndo ya watu wa Avid, na ndo inayotumika sana kupeleka sauti kwenye Pro Tools.

Zote zinabeba mikato vizuri. Zisichobeba kwa uhakika ni madoido, rangi na maandishi uliyopamba. Kwa hiyo siku zote toa na video moja ndogo ya .mp4 ya kazi nzima, mwenzako aitazame na kulinganisha.

TUMIENI LUGHA YA KATI

Mhaya na Mmakonde wakikutana sokoni, hakuna anayelazimishwa kujifunza cha mwenzake. Wanaongea Kiswahili, biashara inaendelea. Video nayo iko hivyo. Usimpe mwenzako lugha ya kamera yako, mpe lugha ya kati: ProRes 422 kama yeye anatumia Final Cut, DNxHD au mdogo wake DNxHR (wa 2014) kama anatumia Avid. Kwa Premiere zote mbili ni sawa.

Gharama yake ni nafasi. Saa moja ya AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde ni kama gigabaiti 11. Ukiigeuza DNxHD ya megabiti 120 inakuwa gigabaiti 54, yaani mara 5. Na msidhani picha imekuwa nzuri zaidi! Ukimimina kikombe cha chai kwenye ndoo, chai haiongezeki. Faida ni kwamba haimwagiki tena mnapopasiana.

Chombo cha kazi hii ni bure, kinaitwa FFmpeg. Kama klipu ilipigwa fremu 25, andika hivi:

ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -r 25 -c:a pcm_s16le klipu.mov

Anayeogopa kuandika amri atumie Shutter Encoder, nayo ni bure na ina vitufe vya kubonyeza. HandBrake ni nzuri kwa kutoa .mp4 ya mwisho.

KWA NINI NALIPIGIA KELELE

Mdau mmoja alipiga harusi, akapeleka mzigo wote kwenye studio fulani (sitaitaja) wamsaidie kuhariri. Mifumo haikuelewana. Jamaa wa studio wakakonvati kila kitu kuwa .mp4 ndogo ndogo ili mambo yaende fasta, halafu wakafuta diski kupata nafasi ya kazi nyingine. Bibi wa bwana harusi alikuwa ametoa nasaha kwenye mwanga hafifu. Kwenye zile .mp4 uso wake ni vipande vipande vya rangi. Baada ya miezi michache bibi akafariki, familia ikarudi kuomba ile video yake. Hakukuwa na cha kuwapa.

Kila unapobana upya kwa H.264 unafanya fotokopi ya fotokopi, na gizani ndo inaonekana zaidi. Kamera unaweza kununua nyingine, lakini siku ile hairudi. Faili za asili haziguswi wala hazifutwi mpaka mwenye kazi aseme amepokea na ameridhika.

MITEGO MINGINE

1. Diski. Eksteno ya FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Kwa megabiti 120 hiyo ni chini ya dakika 5 za video. Ya NTFS, Mac inaisoma lakini haiandiki humo bila programu ya ziada. Fomati kwa exFAT, Windows na Mac zote zinaandika. Ila kufomati kunafuta kila kitu, hamisha vyako kwanza.

2. Fremu kwa sekunde. Televisheni zetu ni za fremu 25, simu nyingi zinapiga 30, na mara nyingi 30 hiyo inapandashuka kulingana na mwanga. Ndo sababu ya midomo kutofautiana na maneno kadiri video inavyokwenda. Kwa klipu ya simu weka -r 30 kwenye ile amri, itulie kabla hujaihariri.

3. Kadi ya kamera. Usiokote faili za .mts peke yake. Nakili folda zote za kadi kama zilivyo, kwa sababu AVCHD inakata rekodi ndefu vipande vipande, na maelezo ya kuviunga yako kwenye zile folda unazoziona hazina maana.

4. WhatsApp. Ukituma video kama video, inabanwa. Ukiituma kama dokumenti inafika kama ilivyo, na tangu 2022 inaruhusu mpaka gigabaiti 2.

5. Majina. Usibadilishe jina la klipu baada ya kutoa EDL au XML. Orodha inatafuta kwa jina na taimkodi. Ukibadili, umehamisha nyumba bila kumwambia mgeni.

KABLA HUJAPANDA DALADALA NA EKSTENO

Muulize mwenzako mambo matatu: unatumia programu gani na toleo gani? Unataka kodeki gani? Tunakwenda na fremu ngapi? Halafu mtumie klipu ya sekunde 10 tu pamoja na XML yake. Ikifunguka, peleka mzigo. Ikigoma, umepoteza dakika 5 badala ya siku nzima.

Ni hayo tu wadau. Mwenye njia nyingine, hasa wale wanaohariri kwa Linux, amwage nondo hapo chini kwenye maoni tufaidike wote. Na mwenye faili iliyogoma, aandike MediaInfo imemwambia nini, tutaiangalia pamoja. Naomba kuwasilisha.