Bingwa ni Kiti Gani? Rekodi za Samani za Kale, Kutoka Riruta Hadi Siyu

Sheria kwanza. Wafanyabiashara wa vitu vya kale huwa hawaipi samani jina hilo hadi itimize miaka 100. Kwa kipimo hicho Nairobi yenyewe, iliyoanza 1899 kama kambi ya reli, imefuzu juzi tu. Sheria ya pili: iwe kazi ya mkono. Ya tatu: uwanja wa mashindano ni chumba cha kupanga cha Kawangware, mtaa wa Nairobi jirani na Riruta, futi 10 kwa 10, yaani mita 3.05 kila upande. Milango ya Zanzibar nimeiondoa mapema. Ingefagia medali zote, lakini mlango haukaliwi wala haulaliwi.

1. Kongwe kuliko zote

Medali inakwenda Skara Brae, kijiji cha kale katika visiwa vya Orkney, Uskoti. Vitanda vyake na rafu zake ni vya mawe, na vina umri wa miaka 5,000 hivi. Watu walikuwa wakilala humo kabla Piramidi Kuu ya Giza haijaanza kujengwa. Mchanga ulivifunika hadi dhoruba ya mwaka 1850 ilipovifukua. Seremala atalalamika kwamba hapa hakuna randa iliyofanya kazi. Mkono ulifanya kazi, inatosha.

2. Kitanda kikubwa kuliko vyote

Kinaitwa Great Bed of Ware. Kilitengenezwa Uingereza karibu mwaka 1590, cha mwaloni, kikawekwa katika nyumba ya wageni mji wa Ware ili kuvuta wateja. Kina upana wa mita 3.26 na urefu wa mita 3.38. Soma tena vipimo vya uwanja wetu. Hakiingii! Ungeng'oa mabati ya jirani wa kushoto, kisha ya jirani wa nyuma, na bado usingepata pa kuweka jiko. Uzito wake ni kilo 641, zaidi ya magunia saba ya mahindi ya kilo 90, na kinalaza angalau wanandoa wanne, yaani watu wanane. Shakespeare alikitaja katika mchezo wake wa Twelfth Night, kwa hiyo kilikuwa na jina tangu kikiwa kipya. Leo kiko makumbusho ya Victoria and Albert, London.

3. Ghali kuliko zote

Henry Somerset, Duke wa tatu wa Beaufort, alikuwa kijana wa miaka 19 alipoagiza kabati Florence, Italia, mwaka 1726. Mafundi wapatao 30 walilifanyia kazi miaka sita, mpingo kwa mawe ya rangi yaliyokatwa yakawa ndege na maua. Mafundi 30 mara miaka 6 ni miaka 180 ya kazi katika kabati moja. Kimo chake ni mita 3.86. Hata ukililaza, halitoshi chumbani kwetu.

Mwaka 1990 lilivunja rekodi ya bei ya samani duniani. Mwaka 2004 likaivunja tena rekodi yake lenyewe: pauni milioni 19, karibu dola milioni 36.7, mnunuzi akiwa Mwanamfalme Hans-Adam wa pili wa Liechtenstein. Kwa thamani ya shilingi ya leo hizo ni zaidi ya bilioni 4.5. Ukikadiria matatu ya watu 14 kwa shilingi milioni 3, kabati hilo ni matatu 1,500. Barabara yetu ya Naivasha Road haiwezi kuzibeba.

Lakini kwa bei ya sentimita, linapigwa. Kiti cha Eileen Gray chenye mikono ya umbo la joka, cha miaka ya 1917 hadi 1919, kiliuzwa Paris mwaka 2009 kwa euro milioni 21.9. Kimo chake ni sentimita 61. Gawanya: karibu euro 359,000 kwa kila sentimita.

4. Kiti chenye enzi kuliko vyote

Sasa tuje nyumbani, na hapa sijifanyi mwamuzi asiye na upande. Kiti cha enzi cha pwani yetu kilichongwa Lamu, Pate na Siyu, na vingi vilivyobaki ni vya karne ya 18 na 19. Mbao zake ni mpingo, mti mzito kiasi kwamba gogo lake huzama majini. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu hupita kilo 1,200. Maji ni kilo 1,000, na mninga au msaji wa kawaida hubaki chini ya hapo. Patasi hulia juu yake.

Juu ya mbao hizo nyeusi fundi alitia njumu za pembe za ndovu na mifupa. Kiegemeo kikapanda wima juu ya kichwa cha mkaaji, nafasi zilizo wazi zikasukwa kwa uzi, na mbele kikawekwa kibao cha kuwekea miguu. Kisha uhodari wenyewe: viungo vinachomekana, na kiti kizima hufunguliwa vipande vipande kikasafirishwa kwa jahazi. Kati ya washindani wakubwa wote wa hapa, hiki ndicho kinachopita mlango wa Kawangware bila ugomvi.

Pia kinashika rekodi ya wazazi wengi. Wapo wataalamu wanaokipeleka Misri ya Wamamluki, wengine Ureno na Uhispania, wengine India. Gombaneni. Mikono iliyokichonga ilikuwa ya Waswahili, na alama zao zinaonekana hadi leo katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Hakikukaliwa ovyo: kilikuwa cha mwenye cheo na mgeni wa heshima.

5. Kilichokaa kazini muda mrefu kuliko vyote

Mimbari ya msikiti mkuu wa Kairouan, Tunisia: karne ya 9, mbao za msaji kutoka India, vipande vilivyochongwa zaidi ya 300. Hakuna mimbari iliyobaki iliyo kongwe kuliko hiyo. Kwetu, Siyu inarudi jukwaani kwa mimbari ya miaka ya 1520. Kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, medali mbili.

6. Miguu mingi kuliko yote

Tisa! Kigoda cha kifalme cha Bunyoro, Uganda, kilichukuliwa katika vita vya Waingereza dhidi ya mfalme wake, Omukama Kabalega, miaka ya 1890. Sasa kiko makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Kwa maoni yangu, miguu yote tisa ingetosha kukirudisha nyumbani.

7. Kidogo chenye kazi nyingi

Ekicholong cha Mturkana. Kipande kimoja cha mti, hakuna gundi, hakuna msumari. Mchana ni kiti, usiku ni mto wa kichwa, safarini kinaning'inia mkononi. Mfalme Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, alihitaji vitu viwili: mito ya kichwa, na kitanda kinachokunjwa katika sehemu tatu. Ekicholong kinashinda kwa hesabu ya mizigo.

8. Karibu zaidi na Riruta

Panda gari hadi Karen. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen ilijengwa mwaka 1912, na ni makumbusho tangu 1986. Alipoondoka Kenya mwaka 1931, sehemu ya samani zake ilinunuliwa na Lady McMillan, yule wa maktaba ya McMillan mjini. Ukiingia, muulize mwongoza wageni kipi ni cha asili, kwa sababu vingine vilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya 1985 kuhusu maisha yake.

Njiani utapita maseremala wa jua kali wa Ngong Road na Dagoretti Corner, na hapo ndipo rekodi ya kasi inapokaa. Florence ilitumia miaka sita. Hapa sofa ya Chesterfield, vifungo vyake vyote, hutoka kwa siku zinazohesabika, ikiwa na sura ya Uingereza ya zamani na vumbi jipya la Nairobi. Haijatimiza miaka 100, kwa hiyo haifuzu. Irudi baadaye.

Na wewe ambaye kwenu Dagoretti, Kitui au Bungoma kuna kigoda cha babu kinachokaliwa na watoto jikoni: usikipige msasa, usikipake vanishi. Ule weusi wa moshi na mng'aro wa makalio ya vizazi ndio thamani yake, na ukishauondoa haurudi. Pima kimo chake, hesabu miguu, uliza nani alikichonga na lini, uandike.