Kolwezi: Gari likishushwa, mipira inalika ndani dereva akiwa hajui

Ukilitazama gari dogo lililosimama kando ya barabara huko Kapata, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa Gécamines pembeni ya Kolwezi, mpira wa mbele unaweza kuonekana mzima. Upande wa nje meno yapo. Zungusha volani hadi mwisho, chungulia upande wa ndani: huenda waya wa chuma umeshatokeza.

Chanzo ni kimo cha gari. Wapo vijana wanaokata resori ili gari likae chini, lipendeze. Wengine hawakukata kitu. Abiria, mizigo na mashimo ya msimu wa mvua ndivyo vilivyochosha resori. Kwa mpira ni mamoja.

Toyota ndogo nyingi, kama Corolla na Ist, mbele zina mtindo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson: amotisa na resori vimesimama pamoja juu ya gurudumu. Gari likishuka, gurudumu linaegemea ndani kwa juu. Fito za usukani nazo hubadilisha mteremko, na magurudumu mawili ya mbele hayatazami tena sambamba. Kosa hili la pili ndilo linalokula pesa zaidi. Gurudumu lililopinda milimita 2 kwenye rimu ya sentimita 40 ni kama linaburutwa ubavu mita 5 kila kilomita. Toka Kolwezi hadi Likasi, karibu kilomita 180, hizo ni mita 900 za kusugua lami.

Kununua mpira mwingine wa okazio hakusaidii. Nao utakwisha vilevile. Kukimbilia paralelisme siku ileile resori zilipofungwa ni mapema pia. Gari litembee siku chache, resori zitulie. Rotili zilizolegea zibadilishwe kwanza, la sivyo kipimo kitapotea kwenye shimo la kwanza.

Pasipo mashine, kamba inatosha: uwanja tambarare, upepo sawa kwenye mipira, volani imenyooka, kamba sambamba na gari pande zote mbili. Hupimwa umbali kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha wa nyuma. Gari likishuka kwenye kriki lisukumwe mita chache, maana mpira uliobanwa hudanganya rula. Mwegemeo hurekebishwa kwanza, mara nyingi kwa buloni nyembamba zaidi chini ya amotisa. Paralelisme hufuata, kwa sababu kugusa mwegemeo kunaiharibu. Nyuma, kwenye magari hayo madogo, kwa kawaida hakuna buloni ya kurekebisha.

Na resori iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake gari likirushwa na shimo. Hilo paralelisme haiponyi. Mpira uliotoa waya nao haurekebishwi: unatolewa kabla ya kushika barabara ya Likasi, ambako malori ya shaba yanapishana na teksi zilizojaa watu.