Sumaku haivute shaba: basi ndani yake kuna nini?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kabalo. Mdogo wangu alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaijaribu kwa kila kitu. Msumari unanasa, waya ya shaba hapana. Akaniuliza: «Yaya, juu ya nini haivute shaba?» Nikamujibu: «Haina nguvu ya sumaku.» Akasema: «Kwa hiyo ndani hamuna kitu?» Mimi mwenye diploma ya fizikia nikanyamaza. Jibu nililopaswa kumupa ni hili.

Kiini cha atomu ya shaba chenyewe ni kisumaku kidogo. Ukikiweka kwenye sumaku kubwa, kinayumba kama pia inayozunguka, mara mamilioni kwa sekunde. Ukikitumia mawimbi ya redio yenye mwendo uleule, kinapokea nguvu yake. Hiyo ndiyo rezonansi ya sumaku, kazi iliyowapa Bloch na Purcell Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Ni kama kutafuta stesheni: usipofika kwenye namba yake, husikii kitu.

Namba hiyo inategemea nguvu ya sumaku inayokifikia kiini. Mwaka 1949, huko Marekani, Walter Knight aliona kwamba shaba ya metali inaitikia kwenye namba iliyo juu kwa 0,23% kuliko shaba iliyo katika chumvi yake, na sumaku ni ileile. Tofauti inatoka wapi? Ndani ya metali kuna elektroni zinazotembea huru. Sumaku inageuza chache kati yake zifuate upande wake, nazo zikipita kwenye kiini zinakiongezea nguvu. Lakini mwendo wa elektroni kwa jumla unaipinga sumaku na kushinda kidogo, ndiyo maana kwa mkono huoni kitu.

Na kobalti, inayotoka pamoja na shaba katika migodi ya Katanga? Mwaka 1959 Gossard na Portis hawakuhitaji hata sumaku ya nje. Elektroni za kobalti zinajipanga zenyewe, na kiini kiliitikia kwenye megahezi 213 hivi, karibu mara mbili ya namba za FM.

Nimemueleza mdogo wangu kwa simu. Ninyi munaofundisha, mtoto akiuliza swali kama lile, tusimunyamazishe kwa neno moja tu «haina».